Nukta 19 za kutunga: kisa cha baba mdogo na TV ya milioni moja

Mwanzoni mwa Julai 2025 baba mdogo alinipigia simu kutoka Mbagala. Tuliposalimiana tu akaanza: CHAN, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, inaanza tarehe 2 Agosti, Taifa Stars ndio wanaofungua pale kwa Mkapa, na yeye hataki kuiangalia mechi ile kwenye TV ya chogo. Amedunduliza milioni moja. "Mwanangu, wewe ndiye unayefunga hivi vitu kila siku. Nataka picha nzuri, na sitaki kuibiwa."

Nimefunga madishi na ving'amuzi kwa miaka 9, na simu za namna hii hazikatiki. Mara nyingi mtu ananitajia hela aliyonayo, namtajia TV, yanaisha. Hii niliifuata tangu kupima sebule hadi usiku wa mechi, na kuna mahali nilikosea. Naiandika yote, kosa likiwemo.

Sebule kabla ya duka

Jumamosi nilikwenda na futi kamba. Mama mdogo alicheka alipoona napima hewa katikati ya nyumba, lakini vipimo vile ndivyo vilivyoamua karibu kila kitu kilichofuata. Kutoka ukuta wa TV hadi kochi la baba mdogo ni mita 2.6. Kochi la mama mdogo la mtu mmoja liko pembeni kabisa, jirani na mlango wa jikoni, kwa sababu anapenda kusikia sufuria yake. Wajukuu wanakaa mkekani, chini ya kioo. Dirisha linatazama magharibi, na kuanzia saa 10 jioni jua linaingia hadi katikati ya sebule.

Chini ya TV kuna king'amuzi cha dishi. Nilikigeuza nikaona tundu la HDMI bado lina kizibo chake cha plastiki tangu siku lilipotoka kwenye boksi. TV ya chogo haina mahali pa kuchomeka HDMI, hivyo kwa miaka yote picha ilikuwa ikipita kwenye zile waya tatu za AV: njano ya picha, nyekundu na nyeupe za sauti.

Nikawauliza wanaangalia nini. Mpira. Taarifa ya habari ya saa 2 usiku. Tamthilia za mama mdogo. Katuni, na YouTube ya wajukuu pale mjomba wao anapowawashia bando la simu yake. Basi. Hakuna anayelipia filamu za mtandaoni, na sioni wakianza, maana saa moja ya filamu ya 4K kwenye Netflix inaweza kula hadi GB 7. Kwa bando la simu hiyo ni hela ya mboga ya siku kadhaa.

"Baba, ukisema picha nzuri, unataka uone nini?"

Alifikiri. "Nataka nisome matokeo na dakika pale kwenye kona bila kuinuka kwenye kochi."

Watu wengi nikiwauliza swali hilo wananitajia 4K, au wananitajia TV ya shemeji yao. Yeye alinipa kitu kinachopimika. Tangu hapo kila TV tuliyosimama mbele yake niliipima kwa tarakimu za kona.

Kwa jirani

Kumbe TV aliyokuwa akiitamani iko nyumba ya tatu. Jirani yake alinunua mwaka uliopita TV ya inchi 55, ya 4K, jina lake silijui hata leo. Tulipiga hodi, tukakaribishwa, tukaikuta inaonyesha marudio ya mechi ya ligi. Kweli kubwa. Lakini nyasi zilikuwa zulia moja la kijani, namba za migongoni zimefifia, na matokeo ya kona yalikuwa kama yameandikwa kwa chaki kisha yakapanguswa kwa mkono.

Baba mdogo akaninong'oneza, "Unaona? Imevimba tu."

Nikaomba ruhusa nichungulie nyuma. Waya tatu: njano, nyekundu, nyeupe.

Hapa inabidi nisimame kidogo. Kioo cha 4K kina nukta, vile vidoa vya mwanga vinavyounda picha, 3,840 kwa upana na 2,160 kwa urefu, jumla 8,294,400. Ule waya wa njano hauwezi kupitisha picha ya HD kabisa. Unapitisha picha ya zamani ya nukta 720 kwa 576, yaani 414,720. Ukigawanya namba ya kwanza kwa ya pili unapata 20 kamili. Maana yake, katika kila nukta 20 zilizokuwa zikiwaka kwenye kioo cha jirani, moja ilitoka uwanjani, na 19 TV yenyewe ilizitunga kwa kukisia kutoka nukta zilizo pembeni yake. TV ya chogo ya inchi 21 ilikuwa inaficha umaskini wa picha ile kwa udogo wake. Inchi 55 ikauanika.

Nilikuwa na waya wa HDMI kwenye begi. Nikauchomeka, nikaingia kwenye mipangilio ya king'amuzi (waya peke yake hautoshi, vingine vimeachwa vitoe 576 hata kwenye HDMI), nikabadilisha kitoe 1080, yaani Full HD, nikahamia chaneli ya HD. Jirani alinyamaza. Halafu akamwita mkewe aje aone. Nyasi zilikuwa na alama za njumu. Kumbe mwamuzi alikuwa na ndevu.

Baba mdogo akageuka. "Basi nataka hii hii."

Nilimwelewa. Kwa muda wa dakika 10 alikuwa ameiona TV ile ile ikigeuka kuwa nyingine. Lakini nilimwomba tukae hadi giza liingie, na jirani, Mungu ambariki, akatuletea chai.

Usiku ukatoa mengine. Tamthilia ilipofika kwenye chumba chenye taa hafifu, weusi wa kioo ulikuwa kijivu, na kona ya chini kushoto ilivuja mwanga kama mlango usiofungika vizuri. Mpira ukipigwa mrefu uliacha mkia. Mistari ya uwanja, kamera ikizunguka, ilikuwa na meno ya msumeno. Hilo la meno watu hulaumu dishi, na dishi halihusiki. Picha ya 1080 inayotumwa na chaneli za matangazo huku kwetu kwa kawaida hutumwa nusu nusu: mistari ya witiri kwanza, kisha ya shufwa, nusu 50 kwa sekunde. Kazi ya kuziunganisha nusu hizo wakati mchezaji anakimbia, kisha kuikuza picha hadi kujaa kioo cha 4K, inafanywa na chipu iliyo ndani ya TV. Hata kwa HDMI, nukta 2,073,600 za Full HD zinakaa kwenye kioo chenye mara 4 ya hizo, hivyo 3 katika kila 4 bado ni za kutunga. Chipu nzuri inatunga vizuri. Ya bei rahisi inakisia vibaya, na mahali pa kwanza unapoiona ni kwenye mstari mweupe juu ya nyasi za kijani.

Jirani mwenyewe aliongeza, bila kuulizwa, kwamba mwezi wa 10 tangu ainunue kioo kilikuwa giza na sauti ikabaki. Fundi alibadilisha taa za nyuma, zile tunazoita baklaiti, kwa 120,000. Waranti ilikuwa ya mdomo.

Umbali, na kile ambacho jicho haliwezi

Nyumbani nilimchorea baba mdogo nyuma ya daftari la mahesabu ya VICOBA ya mama mdogo. Jicho zima la binadamu hutenganisha nukta mbili zinapopishana kwa takriban sehemu ya 60 ya digrii. Zikikaribiana zaidi ya hapo, linaziona moja. TV ya inchi 43 ina upana wa sentimita 95. Igawe kwa nukta 1,920 za Full HD, kila nukta ni nusu milimita. Nukta ya nusu milimita jicho zima linaipoteza ukishavuka mita 1.7. Kwa inchi 55, upana ni sentimita 122, nukta ya Full HD ni milimita 0.63, na mpaka unasogea hadi mita 2.2.

Yeye anakaa mita 2.6.

Kwa hiyo hata angenunua inchi 55, hata king'amuzi kingeanza kesho kuleta picha ya 4K halisi, akiwa kwenye kochi lile nukta za ziada zisingefika machoni kwake. Wauzaji hawakuambii hili, na sidhani wengi wanalijua. Siku hizi 4K karibu inakuja na ukubwa tu: ukivuka inchi 50 ni shida hata kuipata TV mpya ya Full HD. Ndiyo maana maandishi hayo kwenye boksi hayakuambii tena kama kioo ni kizuri au kibaya.

Ila ukubwa wenyewe ni raha, na sikutaka kumdanganya. Eneo la kioo cha inchi 55 linazidi la inchi 43 kwa asilimia 64. Mechi kwenye kioo kikubwa inakuvuta ndani. Tungekuwa na milioni 1.6 nisingeandika kisa hiki, tungenunua inchi 55 ya kampuni inayojulikana, tukarudi zetu. Tulikuwa na milioni moja, na ndani yake swali lilikuwa: eneo kubwa la picha ya wastani, au eneo dogo la picha safi?

Mama mdogo alileta la kwake. "Na LUKU je?" Yuko kwenye ule utaratibu wa wateja wa uniti 75 kwa mwezi, na akizivuka bei inapanda kwa kishindo. Nyuma ya TV ya jirani kibandiko kilisema wati 120. Inchi 43 nyingi zinacheza kwenye 70. Kwa saa 6 kwa siku, ya kwanza inakula uniti 21.6 kwa mwezi, ya pili 12.6. Uniti 9 kwa nyumba ile yenye friji ni mstari kati ya kuvuka na kutovuka. Akapiga kura yake hapo hapo.

Kariakoo na flashi ya harusi

Jumatano tulishuka Kariakoo asubuhi, kabla mitaa haijafunga kwa watu. Nilimsihi baba mdogo asimjibu winga yeyote. Winga hana duka. Anakushika mkono, anakupeleka kwa mwenye duka, na cha juu chake kinaingia kwenye bei yako. Baadaye tulithibitisha: TV tuliyoinunua 620,000 tulikuwa tumetajiwa 720,000 na kijana mmoja nje ya jengo hilo hilo. Simlaumu, ndiyo kazi yake, lakini laki moja kwa mstaafu ni kitu.

Kwenye begi nilibeba flashi. Duka lolote la TV linaonyesha video yake: kasuku, maua, matone ya maji, samaki wa rangi kumi. Video hizo zimepigwa kwa 4K halisi na zimechaguliwa ili kila kioo kionekane kizuri. Tena TV ikiwa dukani huwa kwenye mpangilio wa kung'aa kupita kiasi, weupe wake umesukumwa kuelekea bluu ili ishinde taa za duka na TV iliyo pembeni. Ukiinunua kwa picha ile, umeinunua kwa picha ambayo hutaiona nyumbani.

Flashi yangu ilikuwa na video ya harusi ya binamu yangu, mtoto wa kwanza wa baba mdogo, iliyopigwa kwa Full HD. Niliichagua kwa sababu ya dakika moja: bibi harusi anaingia ukumbini na shela nyeupe yenye nakshi, na nyuma yake ukutani wamepanga wajomba na baba wadogo wenye suti nyeusi, nyuso nyeusi, kwenye kivuli. Sijaona mtihani mgumu kuliko huo. TV mbovu ikitaka kuonyesha shela inazamisha nyuso, ikitaka kuonyesha nyuso inaichoma shela. Na ngozi zetu ndizo TV nyingi za bei rahisi zinazoshindwa kwanza: zinageuka ama kijivu kama mtu aliyekosa mafuta, ama nyekundu ya matofali. Kasuku hana ngozi. Hawezi kukuambia.

Duka la kwanza lilikuwa na ndugu wa TV ya jirani, inchi 55, kutoka 1,100,000 ikashuka hadi 950,000. Nikamwomba muuzaji rimoti, nikatoa ule mng'ao, nikaweka mpangilio wa sinema. Shela ikawa doa jeupe, nakshi hakuna. Wajomba wote wakawa suti zisizo na watu. Baba mdogo, ambaye mwenyewe yumo kwenye ule mstari wa ukutani, alijitafuta hakujiona. Muuzaji akatuonyesha kibandiko cha HDR. HDR, picha yenye mwanga mkali na giza zito kwa pamoja, ni kitu cha kweli, lakini filamu zake mara nyingi zinaandaliwa kwa mwanga wa niti 1,000 (niti ni kipimo cha mwanga wa kioo), na TV ya daraja lile inatoa kama niti 250. Inaipokea ishara, haina mwanga wa kuionyesha.

Ya pili ilikuwa inchi 50 ya kampuni kubwa, mtumba wa Ulaya, 650,000. Picha yake ilinivutia kuliko zote. Nyuso zilikuwepo, na weusi ulikuwa mweusi. Nikaweka kwenye flashi picha tupu ya kijivu, ambayo huwa natembea nayo, na mabaka yakajitokeza katikati kama ramani. Taa za nyuma zimechoka, na waranti hakuna. Tukaondoka.

Ya tatu, inchi 43, Full HD, kampuni inayojulikana, 620,000, waranti ya maandishi na risiti ya EFD. Shela ilikuwa na nakshi, na weusi wa suti ulikuwa mzito. Baba mdogo alijiona, wa tatu kutoka kushoto, na akanyamaza kidogo, kwa sababu wa pili kutoka kushoto ni kaka yake, baba yangu, ambaye hayupo tena.

Namba 8 iliyosomeka 3

Duka hilo hilo lilikuwa na inchi 43 nyingine ya 4K, ghali zaidi kwa 130,000. Nikaona nafasi ya kuyajaribu yale mahesabu ya daftari. Sakafu ilikuwa na vigae vya sentimita 60, nikahesabu vinne na kidogo, nikamsimamisha baba mdogo pale, TV mbili mbele yake zikionyesha mpira kutoka king'amuzi cha duka. "Ipi bora?"

"Ziko sawa."

Nilifurahi, kwa kuwa ndivyo nilivyotabiri. Nikamwambia basi asome namba ya mchezaji aliyesimama karibu na kibendera. Akasema 3. Ilikuwa 8. Kwenye TV ya pili, 3 vile vile. Nikamwomba asome dakika za kona, akasogea hatua moja mbele bila kujua.

"Baba, macho ulipima lini mara ya mwisho?"

"Mwaka niliostaafu."

Alistaafu 2019. Miwani aliyokuwa nayo mfukoni ilikuwa ya kusomea, ya barabarani. Nilisimama pale katikati ya duka nikajisikia vibaya sana. Wiki nzima nilikuwa nahesabu uwezo wa jicho zima, nimechora, nimegawanya, wala sikuuliza habari za jicho lenyewe lililokuwa likitazama. Ile chaki iliyopanguswa kwa jirani sehemu yake ilikuwa waya, na sehemu yake ilikuwa yeye.

Tulinunua ile ya 620,000. Kesho yake mama mdogo alimpeleka kupima macho. Alipewa lenzi za kuonea mbali, akaambiwa mtoto wa jicho ameanza kidogo, arudi kila mwaka. Kupima na miwani vilikuwa 140,000. Zaidi kidogo tu ya tofauti ya Full HD na 4K pale dukani.

Kosa langu

Niliifunga TV ukutani Ijumaa, na bracket ya kawaida ya 15,000, bapa, ikitazama kochi la baba mdogo sawasawa. Waya wa HDMI 10,000. TV guard 40,000, kwa kuwa umeme wa mtaa ule unaruka, na kioo kikiungua au kikipasuka bei yake inakaribia TV mpya. Nikakipanga king'amuzi kitoe 1080, nikaiondoa TV kwenye ule mng'ao wa duka. Baba mdogo alilalamika kwamba sasa ina umanjano. Nikamwomba akae nayo siku 3. Jicho lililozoea weupe wa bluu huona weupe wa kawaida, ule wa kelvini 6,500 ambao studio zinautumia kupimia rangi, kama umechafuka. Siku ya pili hakukumbuka tena.

Aliyepiga simu alikuwa mama mdogo. "Mwanangu, hii TV mbona kwangu imepauka?"

Nilirudi, nikakaa kwenye kochi lake la pembeni, nikaona alichokiona. Kutoka pale nyuso zilikuwa kama zimepakwa unga. Vioo vya TV hizi kwa sehemu kubwa ni vya aina mbili. Kimoja, kinachoitwa VA, kina weusi mzito, mwanga wake na giza lake vikiachana kwa mara 3,000 na zaidi, lakini ukikitazama kwa pembeni rangi zinapauka. Kingine, IPS, kinatunza rangi hata ukikaa pembeni, ila weusi wake ni hafifu, kama mara 1,000 tu. Nilikuwa nimekisifu kile dukani kwa weusi wake. Ulikuwa weusi wa VA, na nilikuwa nimeujaribu nikiwa nimesimama mbele, mahali pa baba mdogo. Kochi la mama mdogo nililipima kwa futi kamba Jumamosi ya kwanza kabisa, nikaliandika, kisha nikalisahau. Na tukihesabu saa, yeye ndiye anayeitazama TV ile kuliko mtu yeyote ndani ya nyumba.

Ningekumbuka, pengine ningetafuta ya IPS, nikakubali usiku wa kijivu kidogo. Au ningebaki na ile ile na kufunga bracket nyingine tangu mwanzo. Hiyo ya pili ndiyo tuliyofanya: bracket ya mkono, inayovutika na kuzunguka, 45,000. Ile bapa ilibaki stoo, hela yake imekwenda kwa uzembe wangu. Baba mdogo alikataa niilipe, nikailipa kwa kuvuta waya wa dishi upya. Dirisha la magharibi lilitatuliwa na pazia zito ambalo mama mdogo alikuwa nalo kabatini.

Mahesabu ya mwisho aliyaandika mwenyewe kwenye daftari, chini ya michoro yangu. TV 620,000, bracket mbili 60,000, TV guard 40,000, bajaji kutoka Kariakoo 25,000, HDMI 10,000. Jumla 755,000. Miwani 140,000. Zikabaki 105,000, ambazo ni kifurushi cha miezi 3 chenye chaneli za HD. Angenunua ile ya inchi 55 kwa 950,000, angebaki na 50,000, yenye kazi ya kulipa bajaji na waya, na kuomba Mungu umeme usiruke.

Je, amekosa kitu? Amekosa ukubwa. Jirani yake, kwa ule waya wa HDMI niliomwachia, sasa ana picha kubwa na ya kuridhisha mchana, na mechi za Jumapili vijana wa mtaa bado wanajaa kwake. Baba mdogo mwenyewe huenda mara moja moja, kwa ajili ya kelele.

Usiku wa tarehe 2 Agosti tulikuwa 11 kwenye sebule ile. Nilikaa chini na wajukuu, mgongo umeegemea kochi la baba mdogo, ili nimsikie. Kipindi cha pili Stars walipoongeza bao, kabla mtangazaji hajamaliza kupiga kelele, yeye aliyasoma kwa sauti, taratibu, kama anasomea darasa: Tanzania 2, Burkina Faso 0. Kisha akasoma na dakika.

Kutoka upande wa jikoni mama mdogo akasema, "Haya, sasa nigeuzieni na mimi."